Kasiani na Mashine ya Kusaga Nyama

Mwaka wa hamsini na mbili, bwana mkubwa wa shamba moja la mkonge upande wa Mazimbu alimaliza kazi yake akarudi kwao Ulaya, na mpishi wake, Kasiani, akabaki hana wa kumpikia. Kabla ya safari, mke wa bwana alimwita akamwambia achague kitu kimoja cha jikoni, kiwe ukumbusho. Kasiani angeweza kuchagua sufuria kubwa ya shaba. Angeweza kuchagua birika, au seti ya visu vyenye mipini ya pembe. Akachagua mashine ya kusaga nyama.

Ilikuwa ya chuma kitupu. Juu ilikuwa na mdomo mpana kama faneli, ndani parafujo nene, mbele kisahani chenye matundu, na ubavuni mpini wa kuzungusha. Chini ilikuwa na mguu wa kubana ukingo wa meza. Kasiani aliipenda kuliko kitu chochote alichowahi kukishika, kwa sababu miaka yote ya upishi wake, kuni zilimgomea, mayai yalimgomea, mikate ilimgomea, lakini mashine ile haikumgomea hata siku moja.

Lori lilimshusha Mzumbe, akapanda mlima kwa miguu, chuma kikiwa kichwani ndani ya gunia. Kila aliyepishana naye njiani alitaka kujua.

"Tumsifu Yesu Kristo, Kasiani. Umebeba injini?"

"Milele, amina. Si injini. Mtaiona."

Nyumbani kwake kulikuwa ni kwa mkewe, Theresia, maana ardhi ile, kama ilivyo desturi ya Waluguru, ilikuwa ya ukoo wa kina mama. Theresia aliipata kwa mama yake, Mama Scholastika, na Mama Scholastika bado alikuwapo, nyumba yake ikitazamana na ya binti yake, katikati uani pakiwa na jiko. Jiko lilikuwa moja kwa nyumba zote mbili, na wala hapakuwa na shaka ni la nani. Mafiga yale matatu alikuwa ameyapanga Mama Scholastika mwenyewe akiwa bado mwari.

Kwa hiyo Kasiani, aliyewapikia Wazungu hata gavana akila angesifu, kwao hakuwa amewahi kuinjika hata uji. Mkwe hawezi kujibanza jikoni na mama mkwe wake. Walikuwa hata hawatazamani usoni. Mama Scholastika akitokea njia hii, Kasiani huinamisha kichwa na kushika njia ile.

Theresia aliizunguka ile mashine pale chini, akaigusa kwa kidole cha mguu.

"Baba Cecilia, hii ni ya kufanyia nini?"

"Inasaga nyama."

"Inasaga iwe nini?"

"Iwe laini. Unaweza kufanya kababu, unaweza kufanya mchuzi, unaweza kujazia ndani ya kabichi. Inaitwa kima."

Theresia alimtazama mumewe kwa muda. "Inaitwa nani?"

Hapo ndipo Kasiani angepaswa kusikia hatari, lakini alikuwa na furaha mno. Jumapili ile ile alipotoka kanisani aliwaalika majirani kwa sauti ya kutosha: njooni nyumbani, leo mtakula kima.

Walikuja wengi. Walikuja pia wasioalikwa. Kasiani alikuwa amefunga mashine kwenye ubao wa benchi uani, akasaga nyama ya mbuzi, akampa Theresia maelekezo mlangoni mwa jiko, na kababu zikatoka nzuri, za kahawia, zinanukia vitunguu. Sinia likapitishwa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mjomba Petro, kaka yake Mama Scholastika na mkubwa wa ukoo, ndiye aliyesema. "Mkwe wetu, sisi hatukatai karibu yako. Lakini mimi kima namfukuza kwenye mahindi yangu asubuhi na jioni. Ananitukana kutoka juu ya mti. Leo nimtie mdomoni?"

"Mjomba, hii ni nyama ya mbuzi!"

"Wewe mwenyewe umesema kima."

"Kima ni jina la nyama iliyosagwa!"

"Basi imesagwa ili tusiitambue," alisema Mjomba Petro kwa upole, kama mtu anayemtetea mtuhumiwa, na watu wote wakaitikia kwamba hilo nalo ni neno.

Kasiani aliwaonyesha ngozi ya mbuzi iliyowambwa ukutani. Aliwaonyesha kwato. Wachache wakaonja, kwa heshima, lakini hata hao walilalamika. Mtu akipewa nyama anataka aione nyama: pande lenye mfupa, la kushika kwa mkono, la kumwonyesha jirani kwamba nimepata ubavu wewe umepata shingo. Hii ilikuwa haina ubavu wala shingo. "Na imeshatafunwa," alisema Yuliana wa bonde la pili, akicheka. "Mimi nifanye kazi gani tena?"

Baada ya siku hiyo mashine ilipanda uchagani, juu ya moto, pamoja na mbegu za mahindi. Ikashika masizi. Theresia, ambaye hakupenda kitu kikae bure, aliitafutia kazi. Ilikandamiza mfuniko wa chungu cha maharage. Ilizuia mlango usipigwe na upepo wa mlimani. Msimu mmoja ilifungiwa kamba ya mbuzi, na mbuzi akatembea nayo mpaka kisimani. Kasiani aliyaona yote hayo akashika jembe lake. Alikuwa sasa analima njegere na kabichi kama wanaume wenzake, na mikono yake ilikuwa imeanza kusahau kisu chembamba.

*

Mwaka wa pili baada ya kurudi kwake, Mama Scholastika alianza kukataa nyama.

Mwanzoni hakuna aliyeshtuka. Alikuwa mwanamke mwenye amri zake. Alichukua pande lake, akaligeuza kwenye bakuli, akampa mjukuu wake Cecilia. "Kula wewe unayekua," alisema. Mara nyingine alisema nyama inamtia gesi. Kwaresima ilipofika alisema ameweka nadhiri, na watu wakamsifu. Lakini Kwaresima ikaisha. Pasaka nguruwe akachinjwa, mafuta yakadondoka motoni yakaimba, na Mama Scholastika akatowelea ugali wake kwenye mchuzi mtupu, akasema amekula ameshiba.

Alikuwa anakonda. Khanga zake alianza kuzizungusha mara mbili kiunoni. Hakuwa anacheka tena kama zamani. Akicheka, mkono ulipanda mdomoni. Kwenye ngoma za mavuno alikaa pembeni.

"Mama anaumwa," Theresia alimwambia mumewe jioni moja walipokuwa wanamenya njegere nje. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Nimemwomba twende zahanati ya misheni. Amenifukuza kwa mwiko. Anasema yeye hana ugonjwa. Baba Cecilia, mtu mzima akikataa chakula, si ndiyo anaaga?"

Kasiani aliendelea kumenya. Hakuwa na haki ya kumzungumzia mama mkwe. Lakini alikuwa mpishi, na mpishi kitu anachokijua kuliko wote ni sahani inaporudi. Huko Mazimbu alikuwa anasimama mlangoni mwa chumba cha kulia akizisoma sahani zikitoka: huyu leo ana hasira, huyu amekula mahali pengine, huyu hapendi karoti. Na bila kukusudia alikuwa amesoma pia mabakuli yanayovuka ua wa nyumba yake.

"Magimbi anamaliza?" aliuliza.

"Magimbi anamaliza."

"Maharage?"

"Anamaliza, na anaongeza."

"Mahindi ya kuchoma?"

Theresia alifikiri. "Mahindi ya kuchoma hajagusa tangu mavuno. Na alikuwa anayapenda kufa. Miwa pia anampa Cecilia."

Kasiani aliweka ganda la njegere chini. "Mama hana ugonjwa," alisema taratibu, akitazama pembeni kwa aibu. "Ni meno."

Theresia alitaka kupinga. Mama yake alikuwa na sifa mlima mzima kwa meno yale. Usichana wake alimenya miwa kwa meno mbele ya wanaume wakamshangilia. Uzeeni alikuwa akivunja mifupa ya mbuzi na kunyonya uboho, akawaambia vijana kwamba wao wamezaliwa na meno ya maziwa na watakufa nayo. Mtu kama huyo angesemaje?

"Ule mkono mdomoni," Theresia alisema.

"Ndiyo."

"Sasa tutafanyaje? Mimi nikimwambia, atanikana kwamba si mwanawe. Wewe ukimwambia..."

"Mimi!" Kasiani karibu aangushe ungo. "Bora nihamie Dar es Salaam."

Uani kuku walikuwa wanapanda kulala. Halafu Kasiani akasimulia jambo ambalo hakuwahi kulisimulia. Mama mzazi wa yule bwana wa mkonge aliwahi kuja kuwatembelea, bibi kizee mwenye majivuno, na kila mlo alisema hana njaa. Mke wa bwana aliamuru nyama isagwe, lakini kwa watu wote, si kwa bibi peke yake. Meza nzima ikala laini mwezi mzima, na yule bibi akarudi kwao na mashavu.

"Kwa watu wote," Theresia alirudia.

"Kwa watu wote. Akipewa chakula chake peke yake, siri imetoka."

"Watu wote hawa waliokimbia kima chako?"

"Safari hii," alisema Kasiani, "sitakiita jina lolote."

*

Nafasi ilipatikana kwenye komunyo ya kwanza ya Cecilia. Ukoo wote ungekuja, na Mjomba Petro alitoa mbuzi. Jumamosi Theresia alimwomba mama yake aende kanisani na wanawake wengine kupamba altare kwa maua. Mama Scholastika alijitanda khanga akaondoka, na alipopotea nyuma ya migomba, Kasiani akaingia kwenye jiko lile kwa mara ya kwanza tangu aoe.

Alisimama kwanza, akalitazama. Lilikuwa safi kuliko alivyofikiri, vyungu vimepangwa kwa ukubwa, miiko imening'inia. Akaishusha mashine uchagani, akaisugua kwa majivu na maji ya moto mpaka chuma kikang'aa, akaifunga kwenye ubao wa benchi alilolivuta ndani. Theresia alikata nyama nje na kumletea, kisha akaenda kisimani. Kasiani akazungusha mpini. Mashine ikaguna mara moja, ikakumbuka kazi yake. Mpishi akaanza kupiga mluzi.

Hakusikia hatua. Aliona tu mwanga ukipungua, akageuka, na mlangoni alikuwa amesimama Mama Scholastika, aliyerudi kuchukua kisu cha kukatia maua.

Jiko lilikuwa na mlango mmoja, na mama mkwe alikuwa amesimama humo. Kasiani aligeuza uso ukutani haraka hata akajigonga kwenye uchaga. Kuku mmoja mwekundu aliyekuwa amejificha chini ya benchi akipokea vipande vinavyodondoka aliendelea kudonoa.

Hatimaye Mama Scholastika alikohoa. Yeye naye alikuwa amegeuka, mgongo wake kwenye mgongo wa mkwewe.

"We kuku," alisema. "Hebu muulize huyo mtu, anatafuta nini jikoni kwangu?"

Kasiani aliujibu ukuta. "We kuku, mwambie mama, huyu mtu anaomba radhi sana. Anaandaa karamu ya mjukuu wake."

"Muulize, mkewe ana mikono au hana?"

"Mwambie anayo, ila mashine hii inataka mazoea."

"Mashine. Ile ya tumbili."

"Ni mbuzi, kuku wee! Mwambie mama ni mbuzi wa Mjomba Petro!"

Mama Scholastika alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kikohozi. Kisha akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo: "Kuku, muulize, kwa nini nyama isagwe? Nani ameomba?"

Kasiani aliufikiria ukuta ule mweusi kwa masizi. Hakuweza kudanganya na hakuweza kusema. "Kuku, mwambie mama hakuna aliyeomba. Huko chini huyu mtu alimpikia bibi mmoja, mama wa bwana. Yule bibi alikuwa anaheshimika sana, na alikuwa anaondoka mezani na njaa. Huyu mtu hakupenda. Mpishi akiona mtu anaondoka na njaa, chakula chake chote kinamgeukia kuwa bure. Basi. Wote walikula laini, na hakuna aliyejua kitu."

Nje Theresia alikuwa amerudi na mtungi, akawasikia, akasimama nyuma ya ukuta hathubutu kupumua.

Halafu Kasiani akasikia kibao kinavutwa. Mama mkwe alikuwa ameingia, ameketi upande wa pili wa benchi, uso kwenye moto, mgongo kwake. Mkono wake mkavu ulikuja nyuma ukapapasa mpaka ukaukuta mpini.

"Kuku," alisema, "mwambie huyo mtu awahi kumenya viazi. Mikono ya kusaga ninayo, nimesaga mahindi tangu utotoni. Na mwambie vitunguu hivyo ni vichache. Anawapikia Waluguru, si wagonjwa."

Wakafanya kazi hivyo jioni yote, migongo ikielekeana, wakibishana kupitia kuku juu ya chumvi, juu ya nyanya, juu ya pilipili kichaa. Theresia alipokuja kuketi mlangoni alikuta ameshakuwa mtu wa tatu asiyehitajika. Waliikaanga ile nyama na vitunguu, wakaiacha ipoe kwa baridi ya mlimani. Altare ilipambwa na wengine.

Jumapili, baada ya misa, Kasiani aliitandaza nyama ndani ya vyungu vipana, akaifunika kwa viazi vilivyopondwa na maziwa ya mbuzi, akaweka mifuniko na kupalia makaa juu yake, kama wali unavyopaliwa. Mifuniko ilipofunuliwa uani, viazi vilikuwa vimeshika rangi ya dhahabu, na mvuke ukatoka wenye harufu iliyowafanya hata wanakwaya wanyamaze.

"Hiki ni nini?" aliuliza Mjomba Petro.

"Ni chakula," alisema Kasiani.

Mjomba Petro alichota juu juu. Akachota tena kwa kina. Kisha akasogeza chungu karibu naye, akawageukia wenzake kwa jicho la kuonya. Lakini watu hawakuwa wanamtazama yeye. Walikuwa wanamtazama Mama Scholastika, ambaye alikuwa amejipakulia bakuli lililojaa na anakula. Alikula bila kuongea. Alimaliza, akakomba kwa kidole, akanyoosha bakuli aongezwe. Theresia akamwongezea mpaka ukingoni.

"Mama leo nadhiri imekwisha?" aliuliza Yuliana.

Mama Scholastika alimtazama. Alitazama watu wote. Kisha akaachia kicheko, kile cha zamani kilichokuwa kinasikika mpaka ng'ambo ya bonde, na safari hii mkono haukupanda. Kila mtu akaona. Mbele hapakuwa na kitu, na magego yalikuwa yamebaki machache, kama nguzo za boma lililobomoka.

"Nadhiri gani," alisema. "Sina meno, mwanangu! Nimekaa na njaa mwaka mzima kwa ajili ya majivuno. Tazameni vizuri, sitawaonyesha tena."

Kwa kitambo hakuna aliyejua kama acheke. Halafu Mjomba Petro, mkubwa wa ukoo, akaweka kijiko chini na kusema kwa aibu kwamba yeye naye upande wa kushoto hana kitu. Mzee Yohana, mpiga kengele wa kanisa, akasema afadhali yeye Petro ana upande. Bibi Magdalena akafungua kinywa akawaonyesha bila kuulizwa. Ikawa kama maungamo: mmoja baada ya mwingine, wazee waliokuwa wakisema wanawaachia wajukuu nyama kwa mapenzi wakakiri kwamba mapenzi hayakuwamo sana. Wajukuu walisikiliza habari hiyo kwa huzuni, wakijua mapande yao yanakwenda.

Mashine haikugeuka kuwa kitu cha kila siku. Siku nyingi watu wa pale walikula ugali na maharage, mlenda, kisamvu, magimbi na njegere, na kwa hivyo mafiga na chungu vilitosha. Lakini kila palipokuwa na harusi au ubatizo mlimani, mtu alikuja kumchukua Kasiani, na Kasiani alichukuliwa pamoja na chuma chake, akapewa benchi na kisu, na wanawake wakampisha jikoni bila kuona haya. Mjomba Petro alihakikisha anakaa karibu na chungu.

Kati ya mkwe na mama mkwe, macho hayakukutana hata baada ya hapo. Adabu ilibaki adabu. Lakini Theresia alizoea kuwasikia jikoni, mmoja mlangoni na mmoja ndani, wakimtuma kuku, na kuku asipokuwapo wakimtuma paka.

Mama Scholastika alinenepa. Mavuno ya njegere yaliyofuata alisema hataki kusikia habari ya kubaki nyumbani, akajitwisha kikapu kilichojaa, akashika njia ya sokoni Morogoro na wanawake wenzake. Kwenye miteremko alitangulia, na kila Theresia alipomwomba wapumzike kidogo, sauti ilimrudia kutoka mbele, kwenye kona, ikimwambia vijana wa siku hizi miguu yao ni ya nini.